Nundu ya Mtaroni

Kituoni, tarehe 9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si ukimfuata mkaza mjomba jikoni kuulizia chumvi. Mama anakusalimu sana. Ndiye aliyeniambia nikuandikie, tena kwa herufi kubwa, maana kwenye simu siku hizi unajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Juzi alitaka kujua kama umelala vizuri, ukamwambia paa halivuji tena.

Mimi sijambo. Hapa kituo cha utafiti wa mto wamenipa chumba kinachotazama jiko, kwa hiyo najua mapema kuliko wote kama maharage yameungua.

Habari kubwa ni kwamba nimepangiwa siku ya kutetea tasnifu yangu: tarehe 30 Juni, mbele ya watahini watatu. Unalijua swali langu, maana umelisikia tangu nikiwa msichana wa kidato cha nne: kaboni iliyoyeyuka ndani ya mto mkubwa inatoka wapi kila msimu, na inasafirije kwenda baharini. Kiangazi mto hunywa maji ya chini ya ardhi, na kaboni yake ni ya kwenye miamba. Mvua kubwa zikianza, maji huosha misitu, mashamba na kinamasi, na kaboni inayokuja ni ya majani yaliyooza; mto unageuka rangi ya chai. Hayo yanajulikana duniani kote. Kisichoonekana kwingine ni Nundu yetu. Wiki za mwanzo za mvua, mchoro wa kaboni ya mto wetu unapanda mara mbili ya mto wowote unaofanana nao. Sura ya tatu ya tasnifu yangu imepanda mgongoni mwa Nundu, na Nundu imepanda mgongoni mwa madaftari yako ya miaka uliyokuwa mchota maji wa kituo.

Nimeyasoma yote thelathini na moja. Jambo moja linanisumbua. Kwa miaka kumi na tisa, kila wiki ya mafuriko, umeandika: "Katikati ya mto, kwa mashua, saa mbili na robo asubuhi." Hata siku ambayo gazeti linasema mto ulibeba ng'ombe na mapaa ya nyumba. Mlifikaje katikati siku ile, wewe na Nahodha? Nauliza kwa sababu watahini wataniuliza.

Mkurugenzi amefurahi mno. Anasema mashua mpya ya kituo itapewa jina lako la utani, Mamba, na siku ya uzinduzi utabebwa mpaka mtoni uchote chupa ya kwanza.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliiweka chini ya redio ili nisiisahau, nikaisahau. Mwambie mama yako kwamba paa halivuji kweli, na hiyo ni habari njema hata kama hakuiuliza.

Miguu imevimba, viatu vimenikataa. Daktari anasema moyo wangu ni pampu iliyochoka, na ananihesabia kwa miezi. Mkaza mjomba wako amehamisha chumvi kwa mara ya tatu. Nilimwambia, "Mke wangu, nimebakiza miezi tu, niache nionje." Akasema, "Ukitaka ibaki miezi na si wiki, kula hivyohivyo." Tumeishi hivi miaka arobaini na minne.

Nimefurahi kusikia habari ya tarehe 30 Juni. Vaa viatu vya chini, utasimama muda mrefu.

Kuhusu maswali yako. Mashua ni chombo kizuri kikitunzwa. Nahodha, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ile unayoitaja, ng'ombe walikuwa wengi kweli. Saa mbili na robo ni kwa sababu nilipenda kuwahi. Ushauri wangu ni kwamba upige mistari chini ya vichwa vya sura, watahini huipenda.

Mashua isipewe jina langu. Kuna majina mengi mazuri ya ndege.

Mjomba wako.


Kituoni, tarehe 20 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila mafua. Mpishi wa kituo anakukumbuka na anakusalimu. Anasema hujawahi kulalamika kuhusu chakula, na kwamba kila asubuhi ya mvua ulikuwa mtu wa kwanza kuonekana nyuma ya jiko. Nilimwambia amekuchanganya na mtu mwingine.

Mjomba, umenijibu kama waziri. Nimeuliza mlifikaje, umeniambia ng'ombe walikuwa wengi.

Basi nimeamua. Mvua zimeanza, mto umejaa na unabeba magogo. Tarehe 28 nitakwenda mwenyewe katikati nikachote maji, watahini wakiuliza kama inawezekana niwaonyeshe chupa. Dereva wa mashua alikataa. Nikamfungulia daftari lako la mwaka wa ng'ombe, akasoma, kisha akasema, "Kama mzee alikwenda na mashua ya mbao, mimi ni nani nikatae na hii ya bati?" Mkurugenzi alisema vivyo hivyo, yeye akiwa ofisini.

Niombee.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 25 Machi

Usiende mtoni. Salamu zitafuata chini.

Sikuwahi kuchota maji katikati ya mto wakati wa mafuriko. Nilifika huko mara moja tu, na wala siku hiyo sikuchota.

Miaka kumi na miwili ya mwanzo tuliandika ukweli: "Mto umejaa, hatukwenda." Kisanduku cha fomu kilibaki kitupu na hakuna aliyekufa. Kisha akaja Mkurugenzi huyu, wakati ule kijana mwenye tai tatu, akatangaza kwamba kisanduku kitupu ni aibu ya kituo. Ikachapishwa fomu mpya. Juu kabisa iliandikwa: "Maji yachukuliwe katikati ya mto, kwa mashua, kila wiki." Nafasi ya kueleza sababu za kutokwenda iliondolewa, nadhani ili kuokoa wino.

Jumatatu ya kwanza tulikwenda. Tulipofika katikati mashua ilizunguka mara tatu kama sahani. Nililala kifudifudi sakafuni, nimekumbatia kreti ya chupa, nikajikojolea. Nahodha ndiye aliyechota. Tuliporudi, waliokuwa wakitazama kutoka ukingoni walisema hawajawahi kuona mtu akijiinamisha karibu na maji makali namna ile bila woga. Wakaniita Mamba. Ningeweza kuwasahihisha palepale. Lakini suruali ilikuwa imelowa yote na hakuna aliyeweza kujua kwa maji gani, nikaona nikae kimya.

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Nahodha kwamba mashua inavuja. Aliitazama mashua, akanitazama mimi. "Naona inavuja sana," akasema. "Itavuja mpaka mvua ziishe?" Nikasema ndiyo. Akarudi nyumbani kwake. Hatukulizungumza tena. Kila mwaka mawingu yakikusanyika aliniuliza tu, "Imeshaanza kuvuja?"

Maji niliyachota kwenye mtaro ulio nyuma ya jiko la kituo, ule unaotoa maji ya kinamasi na kuyapeleka mtoni. Kina chake hakipiti magoti. Mpishi hakunichanganya na mtu. Niliyachuja kama sheria inavyotaka, nikatia matone ya asidi, nikayajaza katika chupa za kahawia, nikazilaza kwenye barafu. Kila kitu nilikifanya kwa uaminifu mkubwa isipokuwa mto.

Nawe ni msomi, umeshaelewa. Kinamasi kinalala na majani yanayooza mwaka mzima. Mvua ya kwanza inayakamua yote mtaroni, kabla mto haujayachanganya na maji ya nchi nzima. Hiyo ndiyo Nundu. Tena si hiyo tu. Hatua sita juu ya mahali pangu pa kuchotea, jiko linamwaga maji ya kuoshea vyombo. Nilijua. Lakini juu ya hapo kulikuwa na siafu. Nundu ilipopata sifa, wageni walianza kuja kuiona. Vyombo vikaongezeka, Nundu ikakua. Ilipokua, wakaja wageni zaidi.

Ningeweza kumwomba mkaza mjomba wako akupigie simu sasa hivi. Ingebidi nimweleze kwa nini, na yeye ameishi na Mamba miaka yote hii. Kwa hiyo barua hii nimeileta mwenyewe stendi ya basi, kwa kandambili, nikipumzika kila nguzo ya umeme. Naimalizia hapahapa; dereva wa basi ameniahidi itafika kesho.

Salamu kwa mama yako. Usiende.

Mjomba wako.


Kituoni, tarehe 22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepona mafua.

Barua yako ilikaa ofisi ya basi siku nne, kwa sababu bahasha hukuiandika jina, uliandika "Mpwa wangu, Kituoni." Ilinifikia tarehe 30. Simu ingenifikia asubuhi ileile.

Kuhusu tarehe 28 sitaki kuandika. Tumerudi wote. Dereva amefungwa bendeji mkono mzima mpaka begani, na mke wake hanisalimii. Chupa hatuna hata moja. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, nilianza vibaya.

Nilimpelekea Mkurugenzi barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akaagiza chai. Kisha akasema, "Masikini mzee. Moyo ukichoka, damu haifiki kichwani." Kesho yake aliunda Kamati ya Kulinda Heshima ya Takwimu. Ina wajumbe saba, na watano kati yao wamepandishwa vyeo kwa kuandika juu ya Nundu. Wamekaa siku tatu kuamua barua yako iitwe nini. Ungamo wamelikataa. Ushahidi wameukataa. Imefunguliwa jalada kwa jina la "Hati ya Hali ya Afya ya Mstaafu".

Mambo yamepangwa hivi: daktari atakuja kukupima akili. Akisema huna, sura ya tatu inabaki, na tarehe 30 Juni nitasimama kutetea kitu ninachojua ni uongo. Nikikataa kutetea, jina langu linafutwa chuoni. Akisema unazo, sura inaanguka na mimi naanza upya, lakini naanza.

Nilikwenda kwa mpishi nikaomba daftari lake la idadi ya sahani. Nililiweka pembeni ya madaftari yako. Mwaka wa Nundu ya juu kuliko zote, ile iliyochorwa ukutani kwenye ukumbi, ni mwaka tulioandaa mkutano mkuu juu ya kaboni mitoni. Wageni mia moja na arobaini, siku sita. Nilicheka peke yangu mpaka mpishi akauliza kama naumwa.

Daktari akija, tafadhali usimwambie habari za paa.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe pole dereva, na mke wake mwambie ana haki ya kutosalimia. Kuhusu simu sikuombi unisamehe haraka. Kama mashua ile ingekuwa imepinduka, sentensi hii isingekuwa na mwisho, na sijui ningeipeleka wapi.

Wamekuja. Daktari kijana, mpole, na Mkurugenzi nyuma yake na kikapu cha matunda. Siku hizi ana tai moja tu, lakini pana.

Daktari aliandika maswali kwenye karatasi, akanionyesha moja moja. Leo siku gani. Nikamjibu. Toa saba kwenye mia, uendelee. Nilifika mbili, nikamuuliza kama nishuke chini ya sifuri.

"Na unasema ulidanganya?" akauliza kwa kalamu.

"Ndiyo."

"Una uhakika?"

"Daktari, kuna mambo mengi sina uhakika nayo, lakini hilo nililifanya kila wiki."

Akaandika, na mimi nikasoma kwa pembeni: "Akili timamu. Anasisitiza kwamba ni mwongo." Kwa miaka kumi na tisa nilisema uongo wakanichapisha vitabuni. Nimesema kweli mara moja, nimeletewa daktari.

Mkurugenzi alisoma ripoti hiyo na uso ukamshuka. Akamwomba daktari atoke barazani kidogo, akavuta kiti, akaanza kuninong'oneza. Nilimwelekezea sikio la kulia, lile ambalo halijasikia kitu tangu nistaafu. La kushoto bado linasikia kidogo, lakini hakuniuliza.

"Ongeza sauti," nikamwambia.

Akaongeza.

"Bado."

Mwishowe akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo. "MZEE, NILIKUONA! MWAKA WA PILI TU, MTARONI, SURUALI UMEIKUNJA! NIKARUDI NYUMA KIMYAKIMYA, KWA FAIDA YA KITUO! NA WEWE KAA KIMYA KWA FAIDA YA MPWA WAKO!"

Mkaza mjomba wako anasema hata cherehani ya fundi wa jirani ilisimama. Daktari akachungulia mlangoni na kalamu yake. "Samahani," akasema, "ulimwona wapi?"

Mkurugenzi akasema alikuwa anatoa mfano. Daktari akaandika hilo pia.

Walipoondoka, mkaza mjomba wako alikaa kwenye kiti kilekile. Nilijua amesikia yote. Nikasema, "Basi umejua." Akanisogelea upande wa kushoto, maana yeye anajua ni upi.

"Nijue nini? Wewe mwaka wa arobaini na nne huu unaoga kwa kopo, bomba lipo juu ya kichwa chako. Nikikumwagia maji unafumba macho na kunishika mkono. Mtu kama huyo ndiye avuke mafuriko?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unarudi nyumbani mkavu. Nikamshukuru Mungu."

Kwa hiyo watu niliokuwa nawaficha walikuwa wawili, na wote wawili walijua. Aliyekuwa hajui ni wewe peke yako, uliyeamini kila mstari mpaka ukapanda mashua.

Mjomba wako.


Kituoni, tarehe 4 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na nimshikie miguu mkaza mjomba. Dereva ameondolewa bendeji. Mke wake jana aliitikia salamu, nusu.

Kamati imetoa uamuzi. Ripoti ya daktari ilisomwa, pamoja na ule ukurasa wa mwisho wa "mfano". Wajumbe watano wa Nundu wamesema kwa sauti moja kwamba wao walikuwa na mashaka tangu mwanzo. Mkurugenzi ameondoka hapa, yuko makao makuu, mshauri mkuu wa uadilifu wa takwimu. Mchoro wa ukumbini umeteremshwa. Ukuta nyuma yake ni safi kuliko ukuta wote.

Sura ya tatu imeondolewa. Kutetea kumesogezwa mpaka Novemba. Najua daktari wako wa moyo amekwambia nini kuhusu Novemba. Sitaki kuliandika hilo nalo.

Nimeanza kuchota upya. Mjomba, lile daraja la reli liko mwendo wa dakika ishirini kutoka kituoni, na limekuwapo tangu kabla hujazaliwa. Nasimama katikati yake, nafunga chupa kwenye kamba yenye uzito, nashusha. Miguu yangu mikavu. Nimekuwa nikifanya hivyo wiki tisa, na kila mara nikishusha najiuliza swali moja: kwa nini wewe hukufanya hivi?

Matokeo ni haya. Nundu ipo, lakini ni chunusi. Kwanza inakuja kaboni ya udongo wa mashamba, kila mto unapopanda upya. Ya kinamasi inafuata siku kumi na moja baada ya kuonekana mtaroni, ikiwa imeshapunguzwa na maji ya huko juu. Na hizo siku kumi na moja nimeweza kuzihesabu kwa sababu yako. Ile miaka isiyo na wageni, chupa zako za mtaroni ni kumbukumbu safi ya kinamasi chenyewe; ndizo zilizonipa alama ya kuitambua kaboni yake mtoni, na hakuna kituo kingine chenye kumbukumbu kama hiyo. Zinafaa, ila si kwa jina ulilozipa.

Nimeandika aya ya kueleza makosa. Isome: "Kutokana na matatizo ya kiufundi, sampuli za miezi ya mafuriko hazikuwakilisha mkondo mkuu wa mto." Wewe hutajwi popote. Naona inatosha.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 13 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ndiye anayeandika, mimi nasema. Mkono umegoma, mdomo bado. Anaomba utambue kwamba haandiki chochote cha kwake, ingawa anatamani.

Umeuliza habari za daraja. Nililijua. Hata kamba ilikuwepo stoo, tena ndefu ya kutosha. Nilichohitaji ni kumwandikia Mkurugenzi mstari mmoja: naomba nitumie daraja, kwa sababu naogopa mashua. Lakini nilikwisha kuwa Mamba. Kwa hiyo niliandika karibu mistari mia mbili ya uongo ili nisiandike ule mmoja.

Siku kumi na moja. Nimemwomba anisomee sehemu hiyo mara mbili. Ni kazi nzuri, na ni yako.

Aya yako nimeikataa. Hakukuwa na tatizo la kiufundi. Mashua ilikuwa nzima, kichujio kilikuwa kipya, daraja lilikuwa wima. Ukiandika hivyo, miaka ishirini ijayo msichana mwingine atasoma, atadhani ni kifaa kilichoharibika, ataagiza kifaa kingine. Futa. Andika hivi:

"Sampuli za mafuriko za miaka kumi na tisa zilichotwa mtaroni, nyuma ya jiko, na mjomba wangu, ambaye aliogopa maji na akaona haya kusema."

Watahini wakicheka, wasubiri wamalize, kisha uendelee na sura ya nne.

Nimetia kidole gumba hapa chini mbele ya yule daktari kijana, naye amegonga muhuri wake, na mkaza mjomba wako ametia sahihi kama shahidi, ili Novemba pasiwe na mtu wa kuhitaji kuja kuniuliza.

Mjomba wako.